Mjusi wa Paluku

Mume wangu Paluku alikuwa akipiga simu ya video kila Jumapili baada ya ibada, na kabla ya salamu alitaka kumwona mjusi. Si mimi mkewe, si binti yake Patricia. Mjusi.

"Koko iko namna gani? Anakula?"

Akishamwangalia mbele na nyuma akaridhika, ndipo anakumbuka kwamba kuna na watu ndani ya nyumba. "Na ninyi? Muko sawa?" Kabla hujamaliza kusema tuko sawa, amekwisha aga.

Sisi tulikuwa hapa Marekani, Louisville, upande wa Okolona. Yeye alikuwa Hilliard, pembeni mwa Columbus. Alisema anakwenda kutafuta kazi nzuri kwa sababu ghala la hapa lilikuwa linamvunja mgongo. Kazi aliipata. Alipata pia mwanamke anayeitwa Florida, mwenye mtoto wa kiume. Habari hiyo sikuipata kwake. Niliipata kanisani, kwa mama mmoja aliyedhani naijua zamani, tena akanipa na pole. Lakini kwa ukoo wake, Paluku hakuwa ametuacha. "Iko ku kazi, Ohio," walisema. Aliyethubutu kusema vingine nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo mkorofi nikawa mimi.

Huyo Koko alikuwa mjusi wa rangi ya mchanga, mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, mwenye miiba laini chini ya kidevu. Akikasirika, kidevu kinavimba na miiba inakuwa myeusi, unaona kabisa mzee mwenye ndevu anakutazama. Wametoka Australia, hawa, na Wamarekani wanawafuga ndani kama paka. Paluku alimnunua kwa mwenzake wa kazini aliyekuwa anahama, akamleta siku ya kuzaliwa ya Patricia, na sanduku lake la kioo na taa zake. Patricia akamwita Koko, maana kwetu koko ni babu. Mimi nilipiga yowe. Kwetu Butembo mnyama wa namna hiyo akiingia ndani unatafuta fimbo, hutafuti taa ya kumwotesha! Paluku alicheka mpaka akashika tumbo. Miezi michache baadaye akaenda Ohio, akatuachia kicheko chake kikiwa na miguu minne.

Patricia alishinda shuleni, mimi nilifanya zamu ya jioni, basi asubuhi zote mjusi alikuwa wangu. Nikajifunza. Nani mwingine angejifunza? Ana taa mbili. Moja ni ya joto, maana asipoota joto chakula hakisagiki, kinamwozea tumboni. Ya pili inamtupia mionzi kama ya jua, bila hiyo mifupa inalegea na miguu inapinda. Anakula nyenje walio hai, na hao nyenje unawatikisa kwanza ndani ya unga mweupe wa kalsiamu kama mtu anayepaka samaki ngano kabla ya kukaanga. Walinitoroka mara moja, wakaimba nyuma ya friji wiki nzima, nami nimetoka kazini miguu inawaka moto. Anakula na majani, yaleyale ninayopika mimi, kwa hiyo tukawa tunagawana sukumawiki mimi na yeye. Nilimchukia kwa muda mrefu. Halafu siku moja nilipofungua kioo aliinua mguu mmoja wa mbele, akauzungusha hewani polepole. Patricia alinieleza kwamba mjusi akifanya hivyo anasema, mimi ni mdogo, usinidhuru. Katika nyumba ile hakuna mwingine aliyewahi kunipa heshima ya kiasi hicho. Nikaanza kumchagulia majani laini.

Jumapili Patricia alimwogesha Koko maji ya uvuguvugu, akajipaka mafuta yeye mwenyewe, akamweka begani na kukaa mbele ya simu kungoja. Siku moja nilichoka kuona hivyo. Nikamwambia baba yako anaweza kupiga simu hata bila mjusi. Patricia hunijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Akaniambia, bila uchungu wowote, kwamba hapana. Koko akiwa hapa, Papa ana sababu ya kupiga.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hesabu hiyo alikuwa amekwisha ipiga peke yake. Iliniuma kuliko habari za Florida.

Wakati wa baridi Koko aliacha kula. Akawa anakwaruza kioo, anachimba pembeni, anatutazama. Nikasema basi, amekufa huyu. Patricia akatafuta kwenye simu yake, akaniambia Koko ni jike, ana mayai, na asipopata mahali pa kuchimba yatakwama tumboni yamwue. Nikaleta mchanga na beseni langu la kufulia. Patricia akaulowesha mpaka ukashikamana. Koko akachimba, akazama, ukabaki mkia tu nje, na alipotoka alikuwa amekonda kama aliyetoka hospitali. Chini kulikuwa na mayai meupe, laini, kama maharage yaliyolowekwa. Babu wetu kumbe alikuwa nyanya.

Patricia alisema hayatatoa kitu kwa sababu hakuna dume. Nimefuga kuku tangu utoto, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Jumapili Paluku akayaona. "Eeh! Nyama yangu imezaa!" Nyama, kwetu, ni mnyama hata akiwa hai. Alifurahi kama yeye ndiye aliyetaga. Jumapili iliyofuata akasema atakuja kumchukua, kwa sababu mtoto wa Florida, Bagula, hana wa kucheza naye kule.

Damu ilinichemka. "Mununulie yake!"

"Kununua ju ya nini? Hii njo yangu. Mimi njo nilinunua."

Nikamkatia simu. Na yeye, badala ya kuongea na mimi kama mwanamume, akapeleka mashtaka Buffalo.

Buffalo, upande wa West Side, anakaa Mzee Salomon, mdogo wa marehemu baba yake Paluku. Ndiye aliyepeleka mbuzi wa mahari nyumbani kwetu, kwa hiyo ndiye anayeamua mambo yetu. Jumamosi tukawekwa wote kwenye simu moja: Mzee na wageni wake sebuleni kwake, Paluku kule Hilliard, mimi na Patricia mezani kwetu. Mzee hajawahi kumwona mjusi wa namna ile, lakini hilo halikumzuia.

"Donc, ile nyama ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba," alisema Paluku.

"Na nani anachunga?"

"Ni mimi na mutoto," nikasema.

"Iko na watoto?"

"Iko na mayai, Baba."

Nikasikia Mzee anavuta pumzi, ametulia. Alikuwa ameona njia anayoijua. Kwetu, mtu mwenye mbuzi asiye na malisho humpa mwingine amchungie. Akimtaka mbuzi wake, anakuja kumchukua, na mchungaji anabaki na mtoto wa yule mbuzi kwa jasho lake. Mwenye mnyama hakai mlangoni akaondoka. Lazima aingie, ale kwa mchungaji, waachane bila kinyongo. Ni sheria nzuri. Kwa mbuzi.

"Bon," akasema Mzee. "Paluku atachukua mama. Mutoto Patricia atabakia na mayai. Na muke wetu atamupikia bwana yake, akule, njo aende."

Sebuleni Buffalo watu wakasema amina.

"Mzee, ile mayai haiko na kitu. Dume hakuna."

"Mama Patricia, yai ni yai. Ya ndani Mungu njo anajua. Usibomoe nyumba ju ya mujusi."

Hapo nikaona lawama imekwisha kunipata mlangoni kwangu. Nilifungua mdomo niwapashe, yeye na sebule yake yote. Patricia akanishika mkono chini ya meza. Akanong'ona kwamba nimwache Papa aje. Kama anataka kumchukua Koko, basi atakuja. Atakuja yeye mwenyewe, hapa.

Nikafunga mdomo. Si kwa ajili ya amina yao.

Siku ya Paluku kuja, Patricia alikuwa amesuka nywele upya na kuvaa gauni la Pasaka. Mimi nilipika fufu, sombe ya majani ya muhogo, na makayabu, samaki wetu wa chumvi, na nilipika vizuri, maana hasira yangu haiharibu mboga. Paluku akaingia. Nyuma yake akaingia Bagula, mtoto wa miaka sita hivi, amemshika suruali. "Papa, nasikia baridi," akasema Bagula, na Paluku akainama kumfunga zipu.

Nilimtazama Patricia. Alikuwa anatabasamu bado, kama mtu aliyeambiwa asisogee apigwe picha.

Paluku alikula akaongeza. Akasifu makayabu. Patricia alimwuliza kama nyumba yao ya kule ni kubwa, kama ina chumba cha mgeni, naye akasema ni kadogo sana. Akamwuliza kama anaweza kuja kumwona Koko shule zikifungwa. "Tutaona," akasema Paluku, akachomoa taa ukutani. Patricia alimfundisha Bagula namna ya kumshika mjusi, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya miguu ya nyuma, na mtoto akaogopa akajificha. Sanduku likaingia garini. Paluku akamwekea binti yake mkono kichwani. "Uko mukubwa sasa. Utabakia na mayai yako, eh?" Wakaenda.

Mayai yalibonyea, yakageuka manjano. Patricia mwenyewe ndiye aliyeyatupa.

Jumapili simu haikulia. Nilikwisha jua, lakini kujua hakukunisaidia kumtazama mtoto usoni. Jumatatu ikalia. Paluku, uso umemshuka: Koko hali, ndevu zimekuwa nyeusi, amejibanza pembeni. "Patricia iko?" akauliza. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akianza na jina hilo. Patricia alikuja mbio na soksi mguu mmoja.

Jumanne akapiga tena. Jumatano tena. Waliongea kirefu, na katikati ya mambo ya mjusi Paluku akawa anauliza shule inaendaje, yule rafiki yako anaitwa nani. Nilisikia mtoto wangu anacheka. Nikajisemea mnyama amebadilishwa nyumba tu, atazoea, na labda baba naye atazoea kuongea na binti yake. Nilifurahi, nakubali. Kwa siku chache nilimsamehe Paluku karibu yote.

Alhamisi nilikuwa jikoni kabla ya kwenda kazini, nikamsikia Patricia anaongea Kiswahili, polepole, ili baba yake asikose neno.

"Zima taa, Papa. Taa njo inamuchokesha. Muache mu giza, apumuzike. Na ule unga muweupe, usimupe tena."

Nikadhani sikusikia vizuri. Mtoto huyu ndiye aliyenifundisha mimi habari za taa. Alipokata simu nikamwuliza kwa nini amemwambia baba yake vile. Hakuogopa, hakuficha uso. Akajibu kwa Kiingereza kwamba Koko akipona, Papa hatapiga tena.

Nilikwenda kazini nikafunga maboksi bila kuyaona. Nilimhurumia mjusi, nilimwogopa mtoto wangu mwenyewe, na Paluku nilimchukia upya, kwa nguvu mpya.

Kesho yake akapiga. Koko alionekana kwenye simu amelala bapa, rangi ya majivu, macho yamezama. Bagula alisikika nyuma analia. "Tunafanya vile Patricia alisema," Paluku akasema, "lakini inazidi." Patricia akanyoosha mkono apewe simu.

Sikumpa.

"Washa taa, Paluku. Zote mbili, sasa hivi." Nikamwambia yote: joto liwe kiasi gani, ampeleke kwenye maji ya uvuguvugu, amdondoshee maji puani taratibu ayalambe mwenyewe, unga aurudishe, na nyenje wawe wadogo wadogo. Asipofungua macho mpaka kesho, atafute daktari wa wanyama. Paluku akawa anasema oui, oui, kama mwanafunzi. Patricia alisimama mlangoni akasikiliza mpaka neno la mwisho, kisha akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Baada ya siku mbili tatu Paluku akatuma picha, Koko ana jani mdomoni. Chini aliandika: "Asante, uko muke muzuri." Nilitaka kuitupa simu ukutani, lakini simu ni yangu na ninailipia mimi.

Jumapili tulitoka ibadani. Patricia hakuvua koti. Aliweka simu mezani, akakaa mbele yake. Nikapasha chakula; hakugusa. Nikamwambia labda baba yako yuko kazini, labda betri. Akanitazama kama anayemtazama mtu mgeni anayepotea njia.

Mimi ni mtu wa hasira, siwezi kuangalia kitu kama kile nikiwa nimekaa. Nikachukua simu nikapiga mwenyewe, nikaweka sauti kubwa, ili asikie sauti ya baba yake angalau. Iliita sana. Akapokea.

"Koko anakula bien," akasema kabla sijamsalimu. "Hakuna shida tena. Niko njiani na Bagula, tutaongea." Akakata.

Patricia aliisukuma simu kwa kidole mpaka ikafika upande wangu wa meza. Safari hii hakutumia Kiingereza.

"Mama," akasema, "ungemuacha tu akufe."