Dakika Kumi na Tano za Sabuni

Mbweha aliyemng'ata Soila mkononi alikuja mchana kweupe, akiyumba huku mate yakimtoka, wala hakuogopa fimbo. Binti yake Resiato, aliyesomea diploma ya mifugo, alimkalisha mama nje ya boma, akafungua dumu la mwisho la maji na kuanza kuliosha jeraha kwa kipande cha sabuni.

"Weka majivu, ufunge!" Soila alifoka. "Hayo maji ni ya ndama."

"Yeyo, mama yangu, tulia. Mate ya mbweha huyu yana mdudu wa kichaa cha mbwa. Dakika kumi na tano, kisha tunakwenda hospitali ya Endulen ukachomwe sindano."

"Kwa mdudu nisiyemwona?"

"Hana miguu, hana meno. Ana vimiiba tu mwili mzima. Akiufikia mshipa wa fahamu, vimiiba vinanasa, na mshipa wenyewe unammeza. Akishaingia anapanda taratibu hadi kwenye ubongo, na akifika huko hakuna dawa."

Soila aliwajua wezi wa ng'ombe wa kila namna, lakini mwizi anayefunguliwa lango na mwenye boma hakuwahi kumsikia.

"Mshenzi huyu ni fundi kweli!" alisema, karibu kwa heshima. "Na sabuni inamfanya nini?"

"Koti lake ni la mafuta. Sabuni inaliyeyusha, naye habaki na kitu cha kunasia."

Soila alimtazama binti yake, aliyepiga magoti kwenye tope akisugua bila kuchoka.

"Na mimi niliwaambia watu umekwenda kusomea kuchanja ng'ombe tu," alisema, akaunyoosha mkono. "Mimina dumu lote."