Nyota Tatu za Hilda

Jovin alikuwa na maneno mengi, na ndiyo yaliyomponza. Mwaka ule wa tisini na tisa, wajuzi wa kompyuta mjini Moshi ungewahesabu kwa vidole, naye, kwa kuwa alichapa barua za watu katika duka la Amit, alijihesabu kidole gumba.

Baba yake mdogo, mzee Sirili wa Kilema, alikuwa katibu wa ukoo. Majina yote aliyatunza kwenye daftari. Macho yalipoingia mtoto wa jicho akashindwa kusoma hata mwandiko wake mwenyewe, akamletea Jovin daftari hilo.

"Niwekee humo kwenye mashine yako kabla sijawasahau watu," alisema. Hofu yake ilikuwa hiyo. Baba yake mzazi alikufa hamjui hata mkewe, na Sirili alijichunguza kila asubuhi asije naye akaanza kusahau.

Jovin hakuchapa tu, alibuni programu. Kila jina lilikuwa na mstari wake na nyota mbele: moja kwa babu, mbili kwa watoto wake, tatu kwa wajukuu. Programu ilisoma nyota ikajua nani katoka kwa nani, ikachapa ukoo mzima tawi kwa tawi. Lakini kompyuta ya Amit ilikuwa kuukuu, na kusoma majina mia sita kulichukua muda wa kunywa chai. Basi akaifundisha kuweka akiba: ikishasoma mara moja, itunze ilichosoma, na safari nyingine ichukue kwenye akiba, isianze upya. Na itajuaje kama faili limebadilika? Ipime urefu wake. Idadi ya herufi ikiwa ileile, basi hakuna kilichobadilika.

"Urefu peke yake hautoshi, bwana," Amit alimwonya.

Jovin akacheka. Siku hizo alikuwa hashauriki.

Mwezi wa kumi na moja Sirili akashuka mjini kwa ajili ya jina moja tu, Hilda. Huyu alikuwa binti wa marehemu Primus, kaka yake Sirili; alizaliwa nje ya ndoa akalelewa na mama yake huko Shirimatunda. Miaka arobaini ukoo ulimwandika mwisho kabisa, chini ya "Wageni na Marafiki". Aliyekuwa mgumu kuliko wote ni Sirili mwenyewe, hadi uzee ulipomlainisha akaenda kumwambia Hilda kwa mdomo wake: Krismasi hii utaitwa pamoja na watoto wa baba yako.

"Mtoe kwa wageni, umweke kwa Primus. Umesikia?"

"Nimesikia, baba mdogo."

Akamhamisha palepale, mzee amesimama nyuma yake. Mstari ulikuwa uleule, na nyota zake tatu zilezile, maana wageni nao aliwapa tatu, umetoka chini ukapanda juu. Herufi hazikuongezeka wala kupungua hata moja. Siku ya kuchapa, Jovin alizitia karatasi kwenye bahasha bila kuzipitia. Azipitie ya nini, na kazi ni yake?

Siku ya pili ya Krismasi ukoo ukajaa kihambani, kwenye shamba la migomba la Sirili, waliotoka Dar na waliotoka jirani. Pombe ya mbege ilikuwepo, mbuzi walikuwa wameshachinjwa. Kwa desturi yao majina husomwa, na kila anayeitwa hupewa fungu la nyama mbichi katika jani la mgomba, akapike kwake. Wageni nao hawanyimwi, ila yao huja kwenye sahani, imeshapikwa. Hilda alikuja na wanawe wawili na kikapu kipya cha kubebea fungu lake.

Jovin akasimama kusoma. "Ndugu zangu, mwaka huu hakuna atakayesahauliwa. Kompyuta haikosei!" Wakampigia makofi.

Akafika kwa Primus. "Mektrida. Anaeli." Akatazama mstari uliofuata. Ulikuwa wa tawi jingine.

Hilda alikuwa ameshainuka, kikapu mkononi. Neno moja tu lilitakiwa, jamani, neno moja! Jovin angeliita jina lile kutoka kichwani na hakuna ambaye angejua. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni mwake, na karatasi ya kompyuta isiyokosea haikuwa na jina lile; jani la mgomba limeshatandazwa, akasoma tawi lililofuata. Akasoma na yote yaliyobaki, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Wageni na marafiki. Hilda."

Sahani ikaletwa. Hilda aliitazama, kisha akamtazama Sirili. "Mzee, si ungeniacha tu nyumbani kwangu." Akawashika wanawe mikono, akaondoka.

Sirili akamvuta Jovin pembeni. "Mwanangu, nilikwambia umhamishe? Au nilikusudia tu, nikasahau?"

"Sikumbuki vizuri, baba mdogo."

Loh! Mtu mzima, ndevu zote zile, akajibu hivyo.

Baada ya mwaka mpya alilifungua faili. Hilda alikuwa pale pale alipomweka, chini ya Primus. Amit akasogea, akatazama kidogo tu. "Urefu ni uleule. Imechukua orodha ya zamani kwenye akiba." Jovin angependa sana kuitupia mashine lawama yote. Ila mashine haikusema "sikumbuki". Kwa aibu, wiki tatu nzima hakupanda Kilema.

Ndipo Hilaria, mke wa mzee Sirili, alipomtumia ujumbe: baba yako mdogo ameacha ukatibu, hata kanisani haendi tena peke yake, anasema ameanza kama baba yake.

Jovin akaenda siku hiyohiyo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ni nani?"

"Ni Jovin. Baba mdogo, ulinambia." Akaketi kando ya mzee. "Ulinambia nimhamishe Hilda. Nilimhamisha ukiwa umesimama nyuma yangu, programu yangu ikatoa orodha ya zamani. Nililiona kosa wakati nasoma, nikanyamaza. Na uliponiuliza, nilikudanganya."

Alijiinamia kungoja matusi. Alikuwa anayataka.

"Hilaria!" mzee akaita, sauti imepanda. "Hilaria, njoo usikie! Nilimwambia! Sikusahau, mama, nilimwambia!" Akacheka, machozi yakamtoka, akaushika mkono wa Jovin kwa mikono yake miwili. "Asante, mwanangu. Asante sana."

Jovin hakuweza kuutoa mkono wala kuutazama uso ule. Kutukanwa kungekuwa afadhali mara mia.

"Haya, nipe fimbo yangu," mzee akasema, akijifuta macho. "Twende Shirimatunda. Kwa Hilda utasema wewe."

Hilaria aliingia jikoni, akatoka na jani la mgomba la kufungia fungu la Hilda, akampa Jovin alibebe.