Tundu Kwenye Rupia ya Kondo

Ninyi wenye makopo ya bibi na babu huko uvunguni, nisikilizeni. Mimi niliishia darasa la saba kule Kinole, sijui kupamba maneno. Nitaliandika hivi hivi lilivyotokea, na mwenye mtoto asome.

Kaka yangu Kondo alikuwa na kopo la maziwa la zamani lenye hela za kale. Humo mlikuwa na senti za shaba na rupia moja ya fedha, nzito, yenye mtu wa masharubu aliyevaa kofia ya vita na ndege juu yake. Tangu tukiwa watoto tulimwita Mjerumani. Hakuna aliyejua kusoma maandishi yake, wala hatukuwa na shida ya kuyajua. Lilikuwa kopo la ukoo, basi.

Kwetu Uluguru ukoo unashuka kwa mama. Mjomba akifa, anayemrithi ni mpwa wake, mtoto wa dada, siyo mtoto wa kumzaa mwenyewe. Na mpwa huyo anarithi mpaka jina. Kwa hiyo Kondo alipofariki, siku ya kumaliza matanga, wazee walimkalisha mwanangu Mikidadi kwenye mkeka, wakamvisha kanzu ya mjomba wake, wakampa kopo mkononi. Mzee Hatibu akasema, "Kuanzia leo huyu ndiye Kondo."

Mikidadi alikuwa kijana wa bodaboda, kituo chake Msamvu. Nyumbani Mji Mpya tukaanza kucheka na jina lake. Asubuhi nagonga mlango, "Kaka, amka, jua limetoka!" Anajibu toka ndani, "Dada, punguza kelele, mzee wa ukoo amelala." Mdogo wake Nasra anadakia, "Shikamoo mjomba, naomba hela ya saluni."

Kicheko kile ndicho ninachokikumbuka zaidi. Sikujua kama kina mwisho.

Siku moja akapiga picha ile rupia, akaiweka kwenye simu, akauliza watu: hii ni hela gani? Usiombe. Mmoja akasema ni ya sultani, mwingine akasema ina zebaki ndani, mwingine akataka kuja usiku huo huo. Aliyekuja ni Severini. Mtu wa makamo, msafi, mpole, ana kioo cha kukuzia kwenye mfuko wa shati. Alinisalimia vizuri hata nikamkaribisha chai.

Akaomba sahani na mchele. Akamwaga punje chache, akaweka rupia katikati, akasema rupia ya kweli inavuta mchele. Tukainama wote kama tunaangalia kifaranga kinatoka kwenye yai. Punje moja ikasogea.

"Umeona!" Mikidadi akaruka.

"Ni feni hiyo," nikasema. Nasra akacheka mpaka akamwaga chai.

Severini hakucheka. Akaichukua rupia, akampa Mikidadi kioo. "Achana na mchele. Mtazame huyu mtu. Macho yake yako wapi?"

"Yanatazama pembeni."

"Na mbele ya macho yake kuna nini?"

Mikidadi akasogeza kioo. "Kuna tundu."

"Basi. Mjerumani alipokimbia vita aliacha masanduku, na alama aliacha kwa watu aliowaamini. Huyu anatazama shimo. Kwenu hakuna nyumba ya Mjerumani?"

Ipo. Juu ya Kinole kuna msingi wa mawe, nyumba yenyewe ilishaanguka zamani, tulikuwa tunakwenda kuchuma mapera. Lakini mimi niliinuka pale pale.

"Baba, tundu hilo halikutobolewa na Mjerumani. Alilitoboa kaka yangu, kwa msumari, juu ya jiwe, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Mikidadi, wewe ulikuwa mchanga, degedege inakukamata, macho yanageuka. Bibi akasema mtoto avalishwe fedha ya ukoo shingoni. Mjomba wako anagonga, mimi nimekupakata. Ulikaa nayo shingoni mpaka ukaanza kutembea!"

Severini akatabasamu tu. "Mama, wazee walifundishwa kusema hivyo, siri isitoke."

"Siri gani na mimi nilikuwepo?"

"Maza," Mikidadi akasema, "wewe umeishia la saba. Huyu mwenzako anasoma alama." Halafu akaona uso wangu, akanishika bega. "Usinune, dada. Nikitoka na sanduku nakuezekea nyumba upya."

Wakati Severini anavaa viatu nikalichukua kopo, nikalizika kwenye gunia la maharage. Jioni Mikidadi akalidai. Nikakataa. Akampigia simu Mzee Hatibu, akanipa niongee naye.

"Sikiliza, wewe Mosi," mzee akaniambia, "kopo ni lake. Ukimnyima yeye, umemnyima Kondo. Toka lini dada akamfungia kaka yake mali ya ukoo?"

Tulimkalisha sote kwenye mkeka, nami nilipiga vigelegele. Ningesemaje sasa kwamba ni mtoto? Nikaingiza mkono kwenye maharage, nikampa.

Masika ilikuwa imeshakolea. Walipanda mlimani Kinole watatu, yeye, Severini, na rafiki yake Sufiani wa pale kituoni. Sufiani ndiye aliyenisimulia. Anasema Severini aliilaza rupia kwenye jiwe la pembeni la ule msingi, akaangalia pua ya Mjerumani imeelekea wapi, akapiga hatua, akasema chimbeni hapa. Mikidadi akaitundika rupia shingoni isije ikapotea, akashuka na sururu. Udongo wa kwetu ukinywa maji unakuwa kama uji. Walikuwa wamefika chini, kichwa cha Mikidadi hakionekani tena, Sufiani amekwenda kukata fito za kukingia udongo usiporomoke. Akasikia kama mtu ametua mzigo.

Anasema Severini naye alifukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, huku akilia. Watu walipoanza kupanda na majembe, akaondoka. Hajaonekana tena. Sijui mpaka leo kama alikuwa tapeli, au naye aliamini.

Wanaume walipomaliza kumwosha, Mzee Hatibu alitoka nje, hakunitazama usoni. Akanifungulia kiganja. "Ilikuwa shingoni mwake." Rupia, imepitishwa kamba nyeusi ya raba zake kwenye tundu lile lile.

Nimemzika Kondo mara mbili.

Baadaye mwalimu Editha, mpangaji wa jirani anayefundisha historia, alikuja kunipa pole. Nikamwonyesha. Hakuhitaji mchele wala kioo.

"Mama Mikidadi, hii ni rupia moja tu. Hapa pameandikwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mwaka, 1910. Huyu ni mfalme wao wa wakati huo. Zilitengenezwa nyingi sana." Akafungua simu, akanionyesha picha, moja, nyingine, nyingine. Kofia ile ile, ndege yule yule. "Unaona? Zote anatazama upande mmoja."

"Zote?"

"Zote, mama. Anatazama pembeni tu, kama mtu anavyopigwa picha."

"Na tundu?"

Akatafuta sana. "Tundu sioni kwenye hizi."

"Hutaliona," nikamwambia. "Hilo ni la kwetu." Akalia yeye, mimi nikamshika mkono.

Sasa nawaambia. Mtoto akitaka kujua hela ya kale ni ya nini, mpelekeni kwa mtu wa kuisoma kabla hajaja wa kuiota. Na ninyi wazee wa koo, mkimvisha kijana kanzu ya mjomba, msimwondolee mama yake mdomo. Kanzu ilikuwa ya Kondo. Aliyekuwa ndani yake ni Mikidadi wangu.

Wazee wameagiza kopo lirudi Kinole. Nasra ana mtoto wa kiume anayetambaa, wanataka awekewe. Nimesema sawa, nitalileta, ila rupia itakwenda bila kamba, mtoto asije akavalishwa. Kila siku nakaa nayo kitandani nianze kuifungua. Ni fundo dogo tu, la kamba ya kiatu, amelikaza mara mbili. Kucha zangu zinalifikia. Nikilifikia naacha, kwa sababu alilifunga yeye.