Mafuta ya Cherehani

Tangu mkewe afariki, fundi alikuwa akizungumza na paka. Si kwamba akili zilimruka; ni kwamba kile chumba chenye cherehani, meza ya kukatia na kiti cha marehemu kando ya dirisha, kilikuwa kimya mno kwa mtu mmoja. Paka alilala juu ya kiti hicho. Marehemu ndiye aliyembandika jina la Mkaguzi, maana hakuna nguo iliyotoka mle ndani bila kunuswa.

"Mkaguzi, huyu mama kanenepa mwenyewe, anasingizia vipimo vyangu," fundi angesema, na sikio la kushoto la paka, lililoelekea kwake, lingegeuka kumfuata. Hilo tu lilimtosha.

Kisha sikio likaacha kugeuka.

Kwanza alidhani amechokwa. "Na wewe umeanza maringo?" Lakini Mkaguzi alikuwa akitikisa kichwa kama aliyeingiwa na maji, akijikuna hadi manyoya ya nyuma ya sikio yakapukutika. Akitembea, anakwenda kichwa upande. Fundi alipolikunjua sikio alikuta uchafu mweusi kama machicha ya kahawa, na harufu iliyomfanya ageuze uso.

Uchafu mweusi aliujua. Ndio ule unaojazana chini ya meno ya cherehani mpaka mashine inaanza kulalamika. Dawa yake ni matone machache ya mafuta, kisha kufuta kwa kitambaa. Akachukua kichupa kilekile chenye mdomo mrefu.

Paka alitoa ukelele ambao fundi hakuwahi kuusikia, akaruka, akaangukia ubavu.

Alimbeba mbio ndani ya kapu la vitambaa hadi kliniki, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Daktari wa mifugo, binti wa rika la mwanawe, alimmulika masikioni kwa kurunzi ndogo.

"Mzee wangu, umemtia nini?"

"Mafuta."

"Ya kupikia?"

"Ya cherehani."

"Haya. Kwa hiyo sasa atashona?" Alipouona uso wa mzee, akaacha utani. "Huu uchafu ni kazi ya utitiri, wadudu wadogo sana. Wanamwasha, anajikuna, kidonda kinaoza. Alipoanza tu kutikisa kichwa ungemleta. Sikio la ndani halitiwi kitu kabla hatujalichungulia, baba."

"Atasikia?"

"La kulia nalo limeingiwa, lakini tutaliokoa. La kushoto kiwambo kimetoboka; kwa jinsi palivyooza ndani, sidhani kama litasikia tena."

"Kwa mafuta yangu?"

Daktari akaizima kurunzi. "Palikuwa pabovu tayari. Mafuta hayakusaidia."

Akamfundisha: dawa hii ni ya sikio la kulia tu, amwekee, akande shina la sikio taratibu, amwache ajitikise, afute kwa pamba kile tu kinachoonekana. Vijiti asiviguse. La kushoto angelishughulikia yeye mwenyewe pale kliniki.

Fundi alifuata kila neno kama mwanafunzi. Mkaguzi akapona, akarudi kitini, akajilaza vilevile alivyozoea, uso dirishani, sikio la kushoto kwa fundi.

"Zipu zimeadimika siku hizi," fundi akasema.

Sikio halikugeuka. Akapaza sauti, akajisikia mjinga.

Angeweza kukigeuza kile kiti. Alikishika egemeo, kisha akakiachia. Marehemu alikiweka pale kwa mikono yake, na tangu azikwe hakuna aliyekisogeza. Badala yake akaikokota cherehani, chuma chote kile, mgongo ukimlia, hadi upande wa pili wa kiti. Sasa alikaa gizani, mlango nyuma yake.

Jirani muuza duka akachungulia. "Fundi! Siku hizi unatupa mgongo? Wateja wataona umenuna."

"Wapige hodi."

"Na mwanga je? Utajidunga vidole!"

"Nitavipuliza."

Jirani akaenda zake akicheka. Fundi akatunga uzi kwa kupapasa, mara ya kwanza akakosa.

"Nilikuwa nasema," akaanza kwa sauti ya chini, "zipu zimeadimika."

Sikio la kulia likageuka.

Akaeleza habari za zipu, zote alizozijua, na zilipokwisha akazianza upya.