Mwaka Ambao Mti Haukukua

...sitini na moja, sitini na mbili, hapana, nimerudia, macho yamechoka, kipande cha mti kimetulia chini ya hadubini, na simu iko mezani, sauti ya mama imejaa chumba kizima, "nusu ya mbegu nimeshapanda, nusu namalizia leo, ardhi kavu lakini mvua si itakuja tu," itakuja, anasema itakuja, na mimi nimekodolea macho pete tatu za mti, nyembamba kama uzi, mwaka mmoja pete moja, mvua nzuri pete nene, mvua mbaya hivi, halafu baada ya hizi tatu pengo, mti wa bondeni karibu na maji una pete pale, huu wa mlimani hauna, mwaka ule haukukua kabisa, bosi aliniambia "weka sifuri, endelea," nikaweka, na leo ndiyo nimehesabu miaka vizuri, sifuri yangu ni mwaka aliokufa kaka, yule niliyezaliwa nisimkute, mama husema "mwaka wa njaa" basi, kisha anatafuta chombo cha kuosha... "We, mbona kimya?" nipo mama, nakusikia... naogopa, Mungu wangu, naogopa, maana huku mwisho, karibu na gome, kuna nyingine tatu, nyembamba vilevile, nimezipima mara nne nikiomba niwe nimekosea, halafu gome, mwaka wa nne ndio huu, na mti tuliukata mwezi uliopita, mlima uleule ulio juu ya shamba lake... bosi atacheka, pete hazipigi ramli, atasema, na ni kweli, nikimzuia asipande halafu mvua inyeshe, atalala njaa kwa mdomo wangu, nikinyamaza isiponyesha je, mwenyewe hunitania, "mwanangu anajua mvua ya enzi za babu, ya kesho hajui," mimi hucheka, leo sicheki, "haya mama, jembe liko mkononi, nakata simu," usikate, nahesabu sifuri hii wiki nzima nikiuuliza mti, na aliyekuwepo ni huyu, yuko hai, ananiaga, "mama ngoja, mwaka ule aliokufa kaka... mbegu ulipanda zote, hukubakiza za kula?" upepo wa shambani kwenye simu, nasikia jembe likiwekwa chini, "zote," anasema, polepole, "kwa nini unaniuliza leo?"