Upande wa Jiko

Kidole cha Davlatmo kilitua chini kabisa ya ukurasa, kwenye kona ya kushoto. Maandishi yetu huanzia juu, upande wa kulia, kwa hiyo hapo hakuna msomaji anayeanzia. Kidole kikabaki pale pale. Khalifa Mirzonabot, anayetuongoza katika sala na mazishi, alisubiri. Baba wa mtoto alisubiri. Mimi mwalimu wake nilisubiri pia, jasho likinitiririka mgongoni wakati nje theluji ilikuwa haijaisha.

"Soma, binti yangu," khalifa alimwambia kwa upole.

Davlatmo alinitazama mimi. Kisha akafumba macho na kuanza kuimba somo la kwanza la kitabu, lile la alifu, kwa sauti nzuri kuliko ya mtoto yeyote niliyewahi kumfundisha. Ukurasa uliokuwa mapajani pake ulikuwa wa somo la thelathini.

Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi, na kila nikiikumbuka nachanganyikiwa upya, mahali tofauti. Siku nyingine nalaumu kitabu, siku nyingine khalifa. Siku ninazokuwa mkweli najua wa kulaumiwa ni nani, lakini siku hizo si nyingi.

Kwanza, sikuwa mwalimu. Nilikuwa mpiga rubabu, ile ala ya nyuzi, kijana wa miaka ishirini na saba niliyeitwa kwenye harusi ili watu wacheze na kwenye misiba ili walie. Mwalimu wetu wa kweli alikuwa ameteremka mjini kutibiwa macho na hakurudi. Wiki mbili baadaye theluji ikaangusha paa la shule. Wazee wakasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wakatafuta mtu aliyewahi kukaa darasani angalau miaka sita na asiye na kazi wakati wa baridi. Kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu wa namna hiyo, na kazi ya kunitafuta haikuwachosha.

Qadamsho alitoa nyumba yake. Ilikuwa kubwa na kavu, yenye nguzo tano zilizonyooka na tundu la paani lililoleta mwanga wa kutosha hadi adhuhuri. Alitoa na kuni. Hakuomba chochote isipokuwa jambo moja, na jambo hilo lilimhusu binti yake wa pekee, Davlatmo, aliyekuwa na miaka tisa na aliyefiwa na mama.

"Dada yangu anamtaka awe naye kule juu malishoni," aliniambia. "Mimi sijui kusoma, mwalimu, na sijafa. Lakini mtoto kanililia. Basi tufanye hivi. Siku ya Nairuzi, mwaka mpya ukiingia, khalifa atampima. Akijua, atasoma mpaka achoke mwenyewe. Asipojua, anawafuata ng'ombe, na maneno yawe yameisha."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na rubabu, na rubabu haijawahi kuniangusha.

Tulikuwa na kitabu kimoja. Watoto kumi na wawili, kitabu kimoja, ambacho nilikiweka juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea kitabu, katikati ya zulia. Mimi nilikaa upande wa juu, mahali pa mgeni, na watoto walinibana kushoto na kulia, wengine wakichungulia juu ya mabega yangu. Nilionyesha herufi kwa kijiti, nikaipa kila moja sauti yake kwenye nyuzi, nao wakaiimba. Kisha nikabuni mchezo wa nukta. Herufi yenye nukta chini, wanapiga zulia kwa viganja, mara moja kwa nukta moja, mara tatu kwa nukta tatu. Herufi yenye nukta juu, wanapiga makofi juu ya vichwa. Wimbo haukutaja nukta, mtoto alitakiwa aitazame herufi mwenyewe. Silabi tulizitembea kwa miguu kuzunguka nguzo, hatua ndefu kwa irabu ndefu, mmoja akitupigia dufu. Kufikia katikati ya baridi nyumba ile ilikuwa na kelele kuliko harusi, na wapita njia walikuwa wakisimama mlangoni kuuliza nani anaoa.

Davlatmo hakukaa nasi upande wa juu. Nani angemkalisha huko? Yeye alikuwa mtoto wa nyumba, sisi sote tulikuwa wageni wake, hata wale wenye kamasi. Alikaa ng'ambo, upande wa jiko, akichochea moto na kuangalia chai ya maziwa isimwagike, marufaa ikiwa kati yetu. Baba yake angeona aibu kumkuta amepanda mahali pa wageni, na mimi ningeshangaa. Kutoka kule aliimba, na alipoimba wenzake walimfuata kama kondoo wanavyomfuata yule mwenye kengele.

Kitu kimoja tu kilinisumbua. Katika mchezo wa nukta alikuwa akikosea, na akikosea kwa namna ya ajabu. Wenzake wakipiga zulia, yeye makofi juu. Wenzake wakipiga makofi, yeye kiganja sakafuni. Hesabu ya nukta ilikuwa sawa kila mara. Nilidhani anatania. Nikamkaripia, akaduwaa. Nikajaribu kumweleza taratibu, juu ni huku, chini ni huku, na watoto wakavunjika mbavu, maana mtoto wa miaka tisa anafundishwa juu na chini. Alitikisa kichwa, akatazama kitabu, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba moto ni baridi. Siku ya nne akaanza kupiga kama wenzake. Sikuona kwamba alikuwa ameacha kutazama kitabu wakati wa mchezo na kuanza kutazama mikono yao. Nilifurahi, nikajisifu moyoni kwamba nimemnyoosha.

Basi Nairuzi ikafika. Nyumba ilikuwa imepakwa unga ukutani kama desturi, watu wamevaa nguo safi, na khalifa ameketi mahali pa juu pamoja na kitabu chetu. Watoto waliitwa mmoja mmoja kukaa kando yake. Walisoma. Walisoma kwa kuyumba na kunong'ona wimbo chini ya pumzi, lakini walisoma, ukurasa wowote aliowafungulia. Nilikuwa navimba kama unga uliotiwa hamira. Mwisho akaitwa mtoto wa nyumba. Davlatmo akanawa mikono iliyojaa majivu, akapanda upande wa juu kwa mara ya kwanza baridi nzima, akaketi, na khalifa akamwekea kitabu mapajani.

Yaliyofuata nimekwisha kuyasema. Alipomaliza kuimba alifumbua macho, akautazama tena ukurasa, akaupapasa kidogo kwa kiganja kama mtu anayefuta vumbi. Watoto wawili walicheka. Khalifa akamfungulia ukurasa mwingine, rahisi zaidi, kisha mwingine. Midomo ya Davlatmo ilikuwa ikitikisika bila sauti.

Qadamsho hakumtazama khalifa. Alinitazama mimi.

"Mwalimu, nakuuliza wewe uliyekaa naye. Mwanangu anasoma, au hasomi?"

Ningeweza kusema nipe mwezi mmoja. Ningeweza kusema sielewi, maana huo ndio ulikuwa ukweli, sikuelewa hata kidogo. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu, nami nilikuwa mwalimu wa miezi minne tu, na mwalimu mchanga huona haya kusema haelewi. Nikakumbuka nukta. Nikaona kwamba sasa nimepata maelezo.

"Anaimba," nikasema. "Kashika kwa sikio. Kusoma, hapana."

Qadamsho alitikisa kichwa polepole. "Basi sawa. Ng'ombe nao wanapenda nyimbo."

Watu walicheka kwa staha, chai ikaletwa. Aliyeileta ni Davlatmo.

Mlangoni, wakati wa kuaga, khalifa alinishika bega na kuniambia kwa upole kwamba nijihadhari, muziki ni mtamu na mtoto akiuonja hubaki hapo hapo, ananenepa kwa utamu bila kula chakula chenyewe. Nilimwamini. Theluji ilipoyeyuka Davlatmo alipanda malishoni na shangazi yake, na mimi nikaifunga rubabu kwenye kitambaa. Sikuiingiza tena darasani. Serikali ikajenga shule ya mawe, nikapelekwa mjini miezi miwili kujifunza ualimu, nikarudi na ubao, madawati na desturi ya kunyamazisha watoto. Walijifunza kusoma, ndiyo. Walichukua muda mara mbili, wakipiga miayo, na hakuna mpita njia aliyesimama kuuliza nani anaoa. Kila nilipochoka nao nilijiambia kwamba afadhali hivi, kuliko kufuga kasuku.

Miaka kumi na sita ikapita.

Ilikuwa siku ya kuandikisha watoto wapya. Nilikuwa nimekaa nyuma ya meza yangu na fomu, wazazi wakiingia mmoja mmoja. Akaingia mwanamke mwenye mashavu yaliyochomwa na jua la malishoni, akimshika mkono msichana wa miaka saba. Nilimtambua kwa sauti alipotoa salamu. Alikuwa ameolewa kijiji cha chini, sasa wamehamia hapa kumtunza Qadamsho ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Tukaulizana hali. Hakuwa na kinyongo nilichoweza kukiona, na jambo hilo lilinipa raha isiyonistahili. Aliketi kwenye kiti cha mbele ya meza, mtoto akasimama kando yake.

Nikaandika jina la mtoto, la baba, la babu. Fomu ilikuwa na nafasi ya kueleza elimu ya wazazi, ili mwalimu ajue kama mtoto ana msaada nyumbani. Sikumuuliza. Nilikuwa najua. Nikaandika kwa mwandiko wangu mkubwa wa ubaoni.

"Mama," alisema Davlatmo. Nilidhani anamwita mtu. "Mama... hajui... kusoma... wala kuandika."

Kalamu ilinitoka mkononi. Nilitazama mlangoni kuona nani amemnong'oneza. Hakukuwa na mtu. Nikamtazama mtoto, naye alikuwa akihesabu mbao za dari.

"Nani kakwambia nimeandika hivyo?"

"Si umeandika hapo."

Mtu akitaka kusoma, unamgeuzia karatasi. Nilimgeuzia ile fomu ikamwelekea vizuri, kama nifanyavyo kwa kila mzazi msomi. Davlatmo aliiangalia, na uso wake ukazimika. Ulikuwa uso ule ule wa siku ya Nairuzi, niliujua kabla sijaelewa chochote. Kidole chake kikaenda chini, kona ya kushoto, kikasita. Kisha akaishika karatasi kwa pembe mbili, akaigeuza ikawa inanielekea mimi, na kutoka upande wake akaisoma yote, jina la mwanawe, la mumewe, la baba yake, akianzia chini, kona ya kushoto iliyo karibu naye, na kupanda kuja kwangu, bila kukosea.

Niliona marufaa katikati ya zulia, mimi na watoto kumi na mmoja upande mmoja, na ng'ambo yetu mtoto mmoja aliyekitazama kitabu kile kile baridi nzima, kikiwa kichwa chini. Nukta zetu za juu zilikuwa zake za chini. Alipopiga makofi juu alikuwa anatii alichokiona, na mimi nilimfunza asiamini macho yake. Alikuwa amejifunza kusoma, pengine mapema kuliko wote. Alijifunza kutoka mahali tulipomkalisha.

"Mbona hukusema siku ile?" nilimuuliza. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayemlaumu, na Mungu anisamehe, pengine nilikuwa namlaumu.

"Ningesema nini? Nilidhani khalifa kaleta kitabu kingine. Herufi zote zilikuwa zimesimama kwa vichwa."

"Na baadaye?"

Alimlaza mtoto wake nywele kwa kiganja. Alisema husoma magunia ya unga, chupa za dawa ya mifugo, barua za shemeji yake, pale mumewe anapokuwa amezishika mbele yake. Akiwa peke yake hugeuza karatasi. Mbele za watu hathubutu, kwa sababu wanacheka kwamba hata kuishika hajui.

"Halafu wewe ulishasema naimba tu," akaongeza. "Mwalimu akishasema, nani wa kubisha?"

Aliniambia hivyo pasipo ukali wowote, kama mtu anayetaja umri wake. Mtoto alikuwa amechoka kuhesabu mbao na sasa alikuwa ananitazama. Mama yake alinyoosha shingo kuangalia darasa lililokuwa nyuma yangu, safu za madawati, ubao, kiti changu.

"Na huyu wangu," akauliza, "utamkalisha upande gani?"

Nilisimama. Sikujua ninasimama ili nifanye nini, nilijua tu kwamba sikuweza kumjibu nikiwa nimekaa pale. Nikaizunguka meza, nikaenda kuinama kando ya kiti chake, karatasi ikabaki ilivyo, sasa kichwa chini kwangu pia. Ulikuwa mwandiko wangu mwenyewe, wino ulikuwa haujakauka vizuri. Nilijaribu kulisoma neno la kwanza. Davlatmo akaniachia nafasi, akanisubiri, na niliposhindwa akanionyesha kwa kidole mahali pa kuanzia.