Mama Dong-sik Aomba Mwenyewe

Mama mkwe wangu, Mama Dong-sik, haogopi mtu. Pale sokoni Mokpo, anakouza dagaa wa chumvi, hata askari wa jiji humpitia mbali. Lakini kanisani, mwaka wa thelathini huu, hukaa mlangoni, karibu na viatu tunavyovua tukiingia, kwa sababu eti ananuka samaki. Na haombi. Akiwa na shida humpelekea Mchungaji Noh kikapu cha machenza ili amwombee yeye.

"Mkubwa haendewi hivi hivi," husema. "Lazima uwe na mtu wa kukupeleka."

Jumanne iliyopita baba mkwe alipangiwa kupasuliwa moyo, saa tatu asubuhi. Tuliogopa sana, maana daktari hakutuficha: huenda asiamke. Mchungaji naye akakwama kwenye foleni ya magari. Nesi akaja kuchukua kitanda. "Dakika tano tu," akasema.

Mama akanibana mkono. "Eun-sil, omba wewe. Wewe umesoma."

Nikakohoa kidogo, nikaanza: "Ee Mwenyezi, Mfalme wa utukufu usiye na mwanzo wala mwisho..."

"Basi, mwanangu," mzee akanikatiza pale kitandani. "Hiyo ya harusini. Nataka aniombee Mama Dong-sik."

"Mimi? Na harufu hii?"

"Miaka arobaini na miwili nalala nayo, sijafa. Na rafiki zake Bwana walikuwa kina nani? Si wavuvi?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mama hakucheka. Akanusa viganja vyake, akavifuta kwenye sketi. Akafumba macho.

"Baba... ni mimi. Yule wa mlangoni." Akangoja kufukuzwa. Hakufukuzwa. "Huyu mzee ni mkorofi. Anakoroma, na kusafisha samaki ndiyo kabisa hataki kusikia. Lakini ni wangu. Nampenda, sijawahi kumwambia. Tafadhali usinichukulie."

Mzee akafumbua jicho moja. "Kumbe!"

"Fumba! Siongei na wewe."

Nesi akasukuma kitanda. Mama akafuatana nacho, mkono juu ya shuka, anaongea tu: moyo wa mzee, goti lake mwenyewe, dada yake waliyenuniana naye tangu mwaka juzi. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa. Akabaki amesimama mbele yake, bado anaongea, sasa kwa sauti yake ya sokoni.

Ndipo Mchungaji Noh akafika mbio, jasho linamtiririka, Biblia kwapani. "Samahani sana, Mama! Haya, tuombe."

Mama akamwinulia kiganja bila kugeuka.

"Subiri kidogo, Mchungaji. Bado tunaongea."